Kozi Yenye Soko, Soko la Lini?

Matokeo ya kidato cha sita yakishatoka mwezi Julai, stesheneri za mijini hazina nafasi. Kazi ya kutoa kopi na kupiga picha za pasipoti husogezwa pembeni, na kompyuta zote hukaliwa na wanaoomba vyuo. Nilikaa nusu siku katika stesheneri moja ya Mbagala, kwa sababu nilitaka kuona kwa macho mahali ambapo vijana wetu wengi huamulia maisha yao.

Aliingia mama mmoja na binti yake. Binti amesoma PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia), ana divisheni wani ya saba, matokeo ya kujivunia. Kijana wa kompyuta akauliza aweke kozi gani.

"Misitu, SUA," binti akajibu kwa sauti ndogo.

Mama akageuka. "Misitu? Mwanangu, huko msituni utaajiriwa na nani?"

Binti akanyamaza. Kijana akaona asaidie. "Mama, huyu ana wani nzuri. Tuweke famasia, famasia ina soko."

Mama akafikiri kidogo, kisha akauliza swali lililokuwa na maana kuliko yote niliyoyasikia siku ile: "Hivi huko famasia wanafanya nini hasa?"

"Dawa, mama. Wanashughulika na dawa."

Famasia ikawekwa chaguo la kwanza, uuguzi la pili, misitu ikaangukia mwisho kabisa. Nusu saa haikuisha, wakalipa, wakaondoka, na waliokuwa nyuma yao kwenye benchi wakasogea.

Simlaumu mama yule. Kumfikisha binti kidato cha sita kumemgharimu, na anachotafuta ni uhakika kwamba mtoto hatarudi nyumbani na digrii ya kuweka kabatini. Hata kijana wa kompyuta alikuwa na nia njema. Lakini tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza soko analolisema ni la lini. Fomu inajazwa leo. Famasia ni miaka minne darasani na mwaka mmoja wa mazoezi hospitalini. Binti atafika sokoni baada ya miaka mitano, na hakuna aliyekuwa na habari za miaka mitano ijayo pale stesheneri.

Tunao watu wazima leo ambao waliambiwa neno hilohilo, wakalifuata kwa utii wote. Ni walimu.

Mwaka 2004 ulianza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, MMES, na ndani ya miaka michache nchi ikajaa shule za kata. Wananchi walichanga, wakasomba mawe na mchanga, kuta zikasimama. Walimu hawakuwapo. Mwaka 2005 vikafunguliwa vyuo vikuu vishiriki viwili vya elimu, DUCE pale Chang'ombe na MUCE kule Mkwawa, Iringa. Mwaka 2007 kikaja Chuo Kikuu cha Dodoma, kikubwa kuliko vyote. Vyuo vya mashirika ya dini navyo vikafungua idara za ualimu. Bodi ya Mikopo, iliyoanza kazi mwaka 2005, ikauweka ualimu miongoni mwa fani za kipaumbele, na kwa mtoto wa mkulima hilo lilimaliza mjadala: mkopo upo, na kazi ipo. Ulikuwa ukimaliza chuo unarudi nyumbani kusubiri posti. Majina yakitoka unatafuta lako, unaona umepangiwa Kibondo au Nachingwea, unafunga begi, unapanda basi. Mwaka 2014 pekee serikali ilipangia vituo walimu wapya zaidi ya 30,000.

Mtu mwenye tahasusi ya HGL au HKL mwaka 2013 hakuhitaji kushauriwa. Kila mtu mtaani alijua kwamba ualimu una soko, na alijua sawasawa, maana alikuwa ameona kaka zake wakiajiriwa. Akaingia chuo mwaka huo, akamaliza 2016. Katikati ya mwaka huohuo wa 2016 serikali ikasimamisha ajira mpya ili kupisha uhakiki wa watumishi hewa na vyeti. Mlango ulipofunguliwa tena, waliopewa nafasi ya mbele walikuwa walimu wa sayansi na hisabati. Wa Historia, Kiswahili na Jiografia wakaambiwa wasubiri.

Wamesubiri. Wengine wamejitolea katika shule za kata kwa posho ya wazazi, wengine wamefungua vibanda vya uwakala wa fedha, wengine wamerudi shambani. Januari 2025, kwa mara ya kwanza, walimu waliitwa kufanya usaili nchi nzima. Nafasi hazikufika 15,000. Walioomba walizidi 200,000, na miongoni mwao walikuwamo waliohitimu karibu miaka kumi nyuma. Wengine waliunda umoja wao, NETO, wakihoji kwa nini mtu aliyekwisha kufuzu ualimu apimwe tena baada ya kuachwa muda wote huo. Nimewasikiliza baadhi yao. Kinachowauma zaidi ya njaa ni kwamba hawakufanya uzembe wowote. Walifuata soko, na mkopo wa serikali yenyewe uliwaelekeza huko.

Kisa cha gesi ni kifupi zaidi, lakini kinafanana. Kuanzia mwaka 2010 kampuni kubwa za nje ziligundua gesi nyingi bahari kuu, mbele ya pwani ya Lindi na Mtwara. Magazeti yakaandika kuhusu utajiri unaokuja. Vyuo vikuu vya Dar es Salaam na Dodoma vikaanzisha shahada za uhandisi wa petroli na jiolojia ya petroli, na waliozijaza walikuwa vipanga wa PCM, wale ambao shule nzima inawafahamu kwa majina. Nusu ya pili ya mwaka 2014 bei ya mafuta duniani ikaporomoka. Kampuni zikapunguza matumizi, na kiwanda cha kusindika gesi kilichotarajiwa Lindi kimekuwa kwenye mazungumzo zaidi ya muongo mmoja bila ujenzi kuanza. Bomba la mafuta ghafi la Hoima hadi Chongoleani limewapa baadhi yao kazi. Wengine wako benki.

Hata kazi za hesabu na kodi, ambazo wazee wetu waliziona hazina shida, zimefika huko. Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato, TRA, ilitangaza nafasi 1,596, na walioitwa kwenye usaili walizidi 100,000. Wapo pia madaktari wenye leseni waliokaa nyumbani, jambo ambalo miaka ishirini iliyopita ungelisema watu wangekushangaa.

Ndiyo maana ninasema wazi: ushauri wa "soma chenye soko", unavyotolewa leo, haumsaidii kijana kama unavyodhaniwa. Soko linaonekana likiwa limeshaiva, na likishaiva kila mtu analikimbilia, kisha wote wanahitimu mwaka mmoja.

Je, basi tuwaambie wafuate wanachokipenda? Hapo nako sikubali haraka. Wahamasishaji wanaozunguka mashuleni na kipaza sauti wakiwaambia watoto wafuate ndoto zao, wakishamaliza wanaondoka. Hawakai kuona hesabu za nyumbani. Chukua mwalimu wa shahada aliyebahatika kuajiriwa serikalini. Kabla ya kodi ya mapato, asilimia 5 ya mshahara wake inakwenda mfuko wa hifadhi ya jamii, PSSSF. Asilimia 3 inakwenda bima ya afya. Asilimia 15 inakatwa na Bodi ya Mikopo, kiwango kilichopandishwa mwaka 2016 kutoka asilimia 8. Akiwa mwanachama wa chama cha walimu, CWT, kuna asilimia 2 nyingine. Robo ya mshahara imeondoka na TRA hawajafika. Kilichobaki ndicho kodi ya chumba, nauli na chakula, na kama ni mzaliwa wa kwanza, ndicho pia sare za wadogo zake, dawa za bibi na mchango wa msiba wa mjomba.

Mzaliwa wa kwanza hachagui kozi peke yake. Anachagua kwa niaba ya wanne walio nyuma yake, na wote wanajua. Kijana wa namna hiyo akisema anataka mshahara, msimwite mpenda pesa. Nimekutana na wahasibu ambao hawakuwahi kuupenda uhasibu hata siku moja, na wadogo zao watatu ni wahitimu wa vyuo vikuu kwa sababu ya uhasibu huo. Kazi hiyo ina heshima yake, na kijana anayeichagua kwa macho wazi anastahili kuungwa mkono.

Tatizo langu liko kwenye hayo macho wazi. Pale stesheneri, mama alisimamia mshahara na binti alisimamia mapenzi yake, lakini hakuna kati yao aliyekuwa ameona kazi yoyote waliyokuwa wakiigombania. Wengi wetu tumebishana hivyo na watoto wetu bila hata kujua kazi zenyewe zikoje.

Tuanze na famasia. Mfamasia wa hospitali ya wilaya anatumia sehemu kubwa ya siku yake akihesabu. Anaangalia leja, anapanga oda ya Bohari ya Dawa, MSD, anafuatilia kilicholetwa pungufu, anatenga dawa zinazokaribia kuisha muda ili zitumike kwanza, anaandika kwa uangalifu zile zinazodhibitiwa kisheria. Dirishani anapitia cheti cha daktari akiangalia dozi, na mara nyingine inambidi arudi kwa daktari kumwambia kwa adabu kwamba dozi hii si sahihi kwa mtoto wa kilo kumi. Kabla ya kufika hapo amepita mwaka wa mazoezi na kusajiliwa na Baraza la Famasi. Ni kazi ya mtu mtulivu, anayependa mpangilio, asiyechoka kurudia. Kwa binti mwenye tabia hiyo ni kazi nzuri mno. Kwa binti asiyeweza kukaa ndani kutwa nzima ni mateso yenye mshahara.

Na misitu? Mama alidhani msituni hakuna mwajiri. Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, unasimamia misitu ya hifadhi na mashamba ya miti ya serikali, likiwamo la Sao Hill kule Mufindi, kubwa kuliko yote nchini. Kuzunguka Mafinga watu binafsi wamepanda miti kwa wingi, viwanda vya mbao na vya plaiwudi vimefuata miti hiyo, na nguzo za umeme zinazosambaa vijijini nyingi zinatoka huko. Anahitajika mtu wa kupima ujazo wa miti ikiwa bado imesimama, wa kupanga mwaka wa kupunguzia na mwaka wa kuvuna, wa kusimamia vitalu vya miche, wa kukesha msimu wa moto. Sijui kama binti yule angeajiriwa. Ninajua kwamba kijana wa kompyuta alimnyima nafasi hiyo bila kuifahamu.

Ningependa kila mzazi anayebishana na mwanawe kuhusu kozi aache kidogo habari za mshahara na habari za mapenzi, amuulize: sehemu ngumu ya kazi hiyo ni ipi, na wewe unaiweza? Kila kazi ina sehemu inayopendeza kutangazwa. Mjiolojia anapigwa picha akiwa na kofia ngumu na nyundo. Sehemu ngumu ni wiki tatu kambini Chunya au Geita, mbali na watoto, umekaa mbele ya trei za mawe yaliyotolewa na mashine ya kuchoronga, unalowanisha jiwe, unalitazama kwa lenzi, unaandika ulichokiona, unasogea mita inayofuata, mpaka jua linazama na trei hazijaisha. Wapo wanaoifurahia kazi hiyo kwa dhati. Kijana huyo akiwa wako, mwache aende, hata kama soko la madini mwaka huu limelala, kwa sababu anayestahimili sehemu ngumu ndiye anayebaki kazini wakati wengine wanakata tamaa, na ndiye anayeitwa soko likiamka.

Sheria inaonyesha vizuri tunavyokosea. Mtoto akiwa hodari wa kubishana, ukoo mzima unamwita wakili tangu darasa la tano. Anaingia kusoma sheria akidhani ni mdahalo. Anakuta ni kusoma: hukumu za kurasa 40, vifungu, marekebisho ya vifungu, halafu kuandika hati ambayo neno moja likikosewa inatupwa. Mwaka 2022 matokeo ya Shule ya Sheria, ambako mwenye shahada hupita kabla ya kuwa wakili, yalitikisa nchi. Kati ya wanafunzi 633, waliofaulu masomo yote kwa mara ya kwanza walikuwa 26, na 265 waliondolewa kabisa. Iliundwa kamati chini ya Dkt. Harrison Mwakyembe kutafuta sababu, na watu wakalaumu vyuo, wakalaumu shule yenyewe, wakalaumu lugha. Lawama hizo zina ukweli. Mimi niliwafikiria zaidi wale ambao, tangu mwanzo, walikuwa wameipenda kazi ambayo hawajawahi kuiona ikifanyika.

Kwa kweli uamuzi wa stesheneri unakuwa umechelewa. Binti wa PCB alishafungiwa milango mingi kidato cha nne, alipojaza Selform, fomu ya kuchagua tahasusi, na kabla ya hapo kidato cha tatu, alipoacha au kuendelea na Fizikia. Mwaka 2024 serikali ilitangaza tahasusi 65, zile 16 za zamani pamoja na 49 mpya, zikiwamo za muziki, sanaa na michezo. Ni hatua ninayoiunga mkono kwa moyo wote. Lakini kuchagua kati ya 65 kunahitaji mtu wa kukuelekeza kuliko kuchagua kati ya 16, na katika shule nyingi mwalimu wa ushauri ni mwalimu wa Biolojia mwenye vipindi tele aliyeongezewa jukumu hilo juu kwa juu. Wenzetu wa Kenya wamelirudisha swali hilo kwa watoto wadogo zaidi: mtaala wao wa umilisi unamtaka mwanafunzi anayeingia Gredi ya 10 achague njia moja kati ya tatu, sayansi na teknolojia, sayansi ya jamii, au sanaa na michezo. Ana umri wa miaka 15 hivi. Kazi alizoziona kwa karibu ni ya mwalimu wake, ya muuguzi wa zahanati, ya dereva wa bodaboda na ya wazazi wake.

Kuna wakati nchi hii ilijaribu kuweka kazi mbele ya chuo. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilitaka aliyemaliza kidato cha sita apite JKT, kisha afanye kazi kwa muda usiopungua miaka miwili, ndipo aombe chuo kikuu kwa mapendekezo ya mwajiri wake na ya chama. Lilikuwa na kasoro kubwa. Wasichana wengi hawakurudi tena kusoma, na masharti yakalegezwa, kwao kwanza. Sitaki lirudi. Ila waliopita katika utaratibu huo husimulia jambo ambalo watoto wetu hawalipati: walifika chuo kikuu, Mlimani, wakiwa wameshaona jinsi ofisi, kiwanda au shule inavyoendeshwa, na wengine walibadili walichotaka kusoma kwa sababu ya walichokiona.

Na si lazima kila unachokipenda ukisomee digrii. Shaaban Robert aliajiriwa ukarani wa forodha mwaka 1926, akakaa huko hadi 1944, akaendelea na utumishi katika ofisi nyingine za serikali hadi 1960. Kusadikika kilichapishwa mwaka 1951 akiwa bado mtumishi Tanga. Muhammed Said Abdulla, aliyetupa mpelelezi Bwana Msa, alianza kazi kama mkaguzi katika idara ya afya Zanzibar, akakaa huko miaka kumi kabla ya kuingia kwenye magazeti. Mshahara uliwalisha, na fasihi waliiandika katika saa walizobakiwa nazo. Gharama ilikuwapo, na huenda tulikosa vitabu ambavyo wangeviandika kama wangekuwa na muda. Hata hivyo kijana anayependa ushairi na amepata nafasi ya kusomea upimaji ardhi hajapoteza ushairi wake. Anachohitaji ni kazi itakayombakishia jioni.

Mtihani wa kidato cha sita unaisha Mei. Vyuo vinafunguliwa kuelekea mwisho wa Oktoba au Novemba. Hata ukiondoa miezi ya JKT kwa walioitwa, unabaki muda ambao wengi wanaumalizia nyumbani wakisubiri. Muda huo unatosha kukaa wiki moja katika duka la dawa, wiki moja kwenye kitalu cha miche, wiki moja mahakama ya mwanzo ukisikiliza mashauri. Mzazi hahitaji koneksheni kubwa kwa hilo. Anahitaji kumfuata mfamasia wa mtaa wake, amsalimu, amwambie, "Nina binti yangu, naomba akae hapa aone." Wengi hawakatai, nami nimewaona wakifurahi kuombwa.

Yapo pia ambayo mzazi hawezi. Tume ya Vyuo Vikuu hutoa kila mwaka Mwongozo wa Udahili wenye kila kozi ya kila chuo, na sifa za kujiunga. Bodi ya Mikopo inajua nani amemaliza kozi gani na nani ameanza kukatwa mshahara, maana makato yanapita kwake. Sekretarieti ya Ajira inajua walioomba kila kada na waliopata. Taarifa hizo zikiunganishwa, mtoto wa Mbagala na mtoto wa Kibondo wataweza kusoma kwamba kati ya waliohitimu kozi fulani miaka mitano iliyopita, hawa wameajiriwa, hawa wamejiajiri, hawa bado. Serikali inayotangaza fani za kipaumbele na kuwakopesha watoto wa maskini wazifuate inawadai baadaye asilimia 15. Iwachapishie hesabu hizo, kwa Kiswahili, katika mwongozo uleule na ukurasa uleule wenye sifa za kujiunga, kabla dirisha la maombi halijafunguliwa.